Kufungwa mechi na bado kutwaa kombe: hesabu ya mchujo wa mpira wa kikapu Kanada

Juzi baada ya alasiri alinijia mpwa wangu barazani, simu mkononi, uso ameukunja. Yeye na wenzake wanatayarisha mashindano ya mpira wa kikapu ya mtaa, na wanaogopa yasije yakaisha kama ya mwaka jana. Mwaka jana timu mbili zilikutana mara mbili, kila moja ikashinda mara moja, na hakuna aliyekuwa ameandika mshindi atapatikana vipi. Kombe mpaka leo limo kabatini kwa mzee mmoja, halina mwenyewe.

"Mjomba," akaniambia, "nimesoma habari za wasichana wa Kanada, mwaka 1922. Mechi ya pili walifungwa 21 kwa 8, halafu ndio wao wakatangazwa mabingwa wa nchi nzima. Hiyo ni haki kweli?"

Nikamwambia akae kitako, nikamwagizia kahawa. Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Ukitaka kujua namna vijana wasiolipwa hata senti walivyoweza kupata bingwa mmoja katika nchi pana kiasi kile, zamani za gari la moshi na simu ya maandishi, hapo ndipo pa kuanzia.

Mchezo uliozaliwa ndani ya nyumba

Watu wengi husema mpira wa kikapu ni mchezo wa Wamarekani. Ni kweli ulizaliwa Marekani, ila aliyeuzaa alikuwa mwana wa Kanada. James Naismith alizaliwa mwaka 1861 karibu na mji mdogo wa Almonte, jimbo la Ontario. Wazazi wake wote wawili walikufa kwa homa ya matumbo angali mtoto, akalelewa na mjomba wake. Akasoma Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, kisha akaenda Springfield, Massachusetts, kufundisha katika chuo cha jumuiya ya vijana ya YMCA.

Mwezi wa Disemba 1891 alipewa darasa la wanafunzi kumi na wanane waliochoshwa na mazoezi ya viungo. Nje theluji, ndani kero. Akaambiwa abuni mchezo wa kuchezwa ndani. Akatundika vikapu viwili vya kuchumia matunda, kimoja kila upande, akachukua mpira wa kandanda, akaandika kanuni 13. Wanafunzi kumi na wanane wakagawanywa tisa kwa tisa. Mechi ile ya kwanza ilipata kikapu kimoja tu.

Miongoni mwa wale waliocheza siku ile walikuwamo vijana wa Kanada, na waliporudi kwao walirudi na mchezo. Mmoja wao, Lyman Archibald, aliupeleka St. Stephen, mji mdogo wa New Brunswick mpakani na Marekani, na watu wa huko hujivunia hadi leo kuwa ukumbi waliochezea zamani zile bado upo. Basi kabla ya karne kwisha, mpira wa kikapu ulikuwa umeshaingia kumbi za vijana, shule na makanisa ya Kanada. Mchezo huu uliwafaa sana. Baridi yao ni ndefu, na hapo kijana ana miezi mingi ya kufungiwa ndani.

Nini maana ya mchezaji wa ridhaa

Mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza bila kulipwa. Leo tukisikia neno hilo twadhani ni mchezaji dhaifu, yule asiyefikia kiwango cha kulipwa. Zamani zile haikuwa hivyo. Ridhaa ilikuwa ndiyo heshima yenyewe. Mwaka 1909 Kanada ilipata chama kimoja kikubwa cha kusimamia michezo ya ridhaa nchi nzima, na kanuni yake ilikuwa kali: ukipokea fedha kwa ajili ya kucheza, huna nafasi tena katika mashindano ya ridhaa.

Kanuni hiyo ilikuwa na sura mbili, na si vyema kuificha mojawapo. Sura ya kwanza ni nzuri. Ilizuia tajiri wa mji mmoja kununua wachezaji wote wazuri wa miji mingine, hivyo timu ya mji ilikuwa kweli ya watoto wa mji. Sura ya pili ni nzito. Kijana aliyeajiriwa dukani au ofisini, akitakiwa kusafiri wiki nzima kwa mechi, alilazimika kumwomba ruhusa mwajiri. Akinyimwa, anabaki. Akikubaliwa bila mshahara, nyumba inakosa. Kwa hivyo ridhaa iliwafungulia mlango wengi, lakini wenye nafasi kidogo waliupita kwa urahisi zaidi kuliko wasio nayo.

Ngazi ya umri

Michezo ya ridhaa ya Kanada ilipangwa kwa madaraja ya umri. Palikuwa na watoto, palikuwa na chipukizi, palikuwa na daraja la kati, kisha wakubwa. Chipukizi alikuwa kijana asiyevuka umri uliowekwa, aghalabu karibu na miaka ishirini. Katika mpira wa magongo wa barafuni, mwaka 1919 chipukizi wa Kanada walishaanza kushindania kombe lao la taifa, Memorial Cup, lililowekwa kuwakumbuka askari waliokufa katika vita vikuu vya kwanza. Mpira wa kikapu nao ukafuata njia hiyo hiyo ya madaraja, na katika miaka ya 1920 ukapata chama chake cha taifa.

Faida ya ngazi hii haionekani siku ya fainali. Huonekana miaka mitano baadaye. Mfano bora ni wale wasichana aliowasoma mpwa wangu, Edmonton Grads.

Edmonton ni mji mkuu wa jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada. Hapo palikuwa na shule ya sekondari ya biashara, McDougall Commercial, iliyofundisha uchapaji, hati mkato na uhasibu. Mwalimu mmoja, J. Percy Page, aliwafundisha wasichana wa shule hiyo mpira wa kikapu. Mwaka 1915 wakashinda ubingwa wa jimbo. Walipomaliza masomo hawakutaka kuachana, wakaunda klabu ya wahitimu, na jina Grads likatokana na hapo.

Page hakutegemea bahati ya kupata msichana mrefu mwaka huu na mwingine mwaka ujao. Alijenga ngazi. Chini kabisa ilikuwa timu ya wanafunzi wadogo wa shule. Juu yake timu ya wanafunzi wakubwa. Juu yake timu ya wahitimu ya akiba. Na kileleni Grads wenyewe. Timu zote zilifundishwa mtindo mmoja: pasi fupi, mwendo wa haraka, msingi ule ule kila siku. Msichana aliyepanda daraja hakuhitaji kufundishwa upya, alikuta mchezo anaoujua. Katika miaka 25 ya klabu hiyo, waliovaa jezi ya Grads hawakufika hata arobaini, na karibu wote walipitia ngazi ya shule ile ile. Mchana walikuwa makarani na walimu, jioni wakaenda mazoezini. Hawakulipwa kwa kucheza.

Mchujo ulivyopanda

Tuje sasa kwenye mchujo. Kanada toka bahari ya Atlantiki hadi ya Pasifiki ni zaidi ya kilomita 5,000 kwa reli. Huwezi kuendesha ligi moja ya nchi kama ile kwa vijana wenye shule na kazi. Lililowezekana ni kupanda ngazi kwa ngazi. Kwanza timu za mji zinacheza ligi yao ya msimu wa baridi. Bingwa wa mji anakutana na bingwa wa mji jirani. Wanachujana hadi anapatikana bingwa wa jimbo. Mabingwa wa majimbo ya magharibi wanachujana wenyewe kwa wenyewe, na wa mashariki vilevile. Mwisho, bingwa wa magharibi na bingwa wa mashariki wanakutana kwa ubingwa wa nchi. Kufikia hapo theluji imeshaanza kuyeyuka na watu wanafikiria michezo ya nje.

Kila hatua ilikuwa na gharama zake. Nauli ya reli, malazi, chakula. Mapato ya mlangoni ndiyo yaliyolipa, yakipungua watu wanachanga. Kwa hivyo idadi ya mechi ilibidi iwe ndogo. Lakini mechi moja tu nayo ina walakini wake. Timu iliyosafiri siku kadhaa inashuka garini miguu imevimba, inaingia ukumbi isioujua, na kumbi za zamani zile hazikufanana. Nyingine dari ni fupi, nyingine nguzo i karibu na mstari, nyingine sakafu yateleza. Ukimhukumu mtu kwa usiku mmoja kama ule, huenda umemhukumu kwa uchovu wake tu.

Ufumbuzi ulikuwa mechi mbili, na mshindi kupatikana kwa jumla ya pointi. Sisi tunaofuatilia kandanda hili si geni. Mkondo wa kwanza, mkondo wa pili, jumla ya mabao. Tofauti ni kwamba katika kandanda tofauti ya bao moja au mawili ndiyo kawaida, ilhali katika kikapu pengo laweza kuwa la pointi kumi, ishirini au zaidi.

Mbona wasicheze tatu bora, atakayeshinda mbili achukue? Wakati mwingine mashindano huenda hivyo. Ila mechi ya tatu ni usiku mwingine wa malazi, na ruhusa nyingine ya kazini. Jumla ya pointi humaliza shauri kwa mechi mbili, hata kama kila timu imeshinda moja. Ndio dawa ya ugonjwa ule ule ulioliacha kombe la mtaa wetu kabatini.

Mbona pointi zilikuwa chache

Kijana wa leo akiona matokeo ya zamani atashangaa. Timu nzima kumaliza mechi na pointi nane! Zipo sababu. Baada ya kila kikapu, mpira ulirudishwa katikati na kurushwa juu kati ya wachezaji wawili. Kanuni hiyo ilidumu hadi kiasi cha mwaka 1937. Kila kikapu kilisimamisha mchezo, na mwenye mrukaji hodari aliweza kufunga, akarudi katikati, akaupata tena mpira. Fauka ya hayo hapakuwa na saa ya kumlazimisha mtu arushe. Aliyeongoza aliweza kuuzungusha mpira mpaka jua lichwe.

Hapo utaona jumla ya pointi ilivyobadilisha akili ya mchezo. Tuseme umeshinda mechi ya kwanza kwa pointi 12. Mechi ya pili huna haja ya kushinda, unahitaji tu usifungwe kwa zaidi ya 11. Mpinzani wako naye hawezi kuridhika na ushindi mwembamba, kila kikapu anachokikosa kinamgharimu. Na ukiwa unaongoza kwa 15 usiku wa kwanza huruhusiwi kulegea, kwani vikapu vya dakika ya mwisho, ambavyo katika mechi moja havina maana, huenda ndivyo vitakavyokuokoa kesho. Chipukizi aliyefundishwa hesabu hii mapema hujifunza kutodharau dakika yoyote.

London, 1922

Sasa turudi kwenye swali. Mwaka 1922 Grads, mabingwa wa magharibi, walikabiliana na London Shamrocks kutoka mashariki. London hii si ya Uingereza, ni mji wa jimbo la Ontario. Toka Edmonton ni zaidi ya kilomita 3,000. Fedha za kuwasafirisha wote hazikupatikana, wakasafiri wachezaji sita tu.

Palikuwa na tatizo jingine kubwa zaidi ya nauli. Timu hizi mbili hazikuwa zikicheza mchezo mmoja. Grads walicheza kwa kanuni za wanaume, watano kwa watano, uwanja mzima. Shamrocks walicheza kwa kanuni za wasichana, sita kwa sita, uwanja umegawanywa kwa mistari na mchezaji haruhusiwi kuivuka. Kanuni hizo asili yake ni Senda Berenson, mwalimu wa chuo cha Smith huko Massachusetts, aliyeurekebisha mchezo mwaka 1892 kwa sababu enzi zile watu waliona kukimbia uwanja mzima kunamzidi msichana nguvu.

Wangeweza kugombana mpaka kesho. Wangeweza kurudi kila mtu kwao na kujitangaza bingwa. Badala yake wakapatana kabla mpira haujarushwa: mechi moja kwa kanuni zenu, mechi moja kwa kanuni zetu, kisha tujumlishe.

Mechi ya kanuni za watano, Grads wakashinda 41 kwa 8. Mechi ya kanuni za sita, Shamrocks wakashinda 21 kwa 8. Jumla ni 49 kwa 29. Edmonton wakarudi na ubingwa wa Kanada.

"Kwa hivyo ni haki?" mpwa wangu akaniuliza tena.

Nikamjibu kwamba jibu limo katika hesabu. Kila timu ilipewa usiku wake wa kuonyesha uhodari kwa mchezo inaoujua. Shamrocks katika usiku wao walishinda kwa pointi 13. Grads katika usiku wao walishinda kwa 33. Anayeshikilia kuwa walifungwa mechi ya mwisho kwa hivyo hawastahili, anaitazama nusu ya shauri. Jumla haijali mechi ipi ilitangulia. Kama mpangilio ungegeuzwa, Grads wakafungwa usiku wa kwanza na kushinda wa pili, hakuna ambaye angeuliza.

Hata hivyo nilimpa na upande wa pili, maana si vizuri kumficha kijana. Jumla ya pointi si mizani isiyo na kasoro. Ushindi mmoja mkubwa wa siku ambayo mpinzani anaumwa unaweza kufunika kila kitu. Na kanuni za sita, kwa kuwafunga wachezaji ndani ya mistari, hazitoi nafasi ya pengo kubwa kama kanuni za watano. Mtu wa Shamrocks angeweza kulisema hilo, na asingekosea. Lakini lilipaswa kusemwa kabla ya mechi, si baada yake. Walikubali, wakacheza, wakahesabu. Hapo ndipo haki ya mashindano inapokaa.

Walipofika

Mwaka uliofuata, 1923, Grads waliwakaribisha Edmonton mabingwa kutoka Cleveland, Marekani, kushindania kombe la kampuni ya taipureta ya Underwood. Wakashinda. Wakalilinda kombe hilo mpaka walipoivunja klabu mwaka 1940, ndipo wakaachiwa liwe lao moja kwa moja. Hesabu inayotajwa sana ni ushindi 502 na kushindwa mara 20 tu. Walisafiri kucheza mechi za maonyesho pembeni ya Olimpiki za 1924, 1928, 1932 na 1936, wakishinda kila walipocheza, lakini hawakupata medali hata moja. Mpira wa kikapu wa wanawake haukuingizwa Olimpiki hadi 1976, na kwa mzunguko wa dunia ilikuwa ni huko huko Kanada, mjini Montreal. Naismith mwenyewe, kabla ya kufa mwaka 1939, aliwasifu kuwa timu bora kabisa kupata kukanyaga uwanja.

Wanaume nao walipata siku yao. Mwaka 1936 mpira wa kikapu uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Berlin. Kanada iliwakilishwa na mabingwa wake, Windsor Ford V-8s, wakaongezewa wachezaji kutoka Victoria, upande wa pili wa nchi, wakiwemo ndugu wawili Art na Chuck Chapman. Fainali ilichezwa nje, mvua ikinyesha, uwanja ukageuka matope na mpira haukudunda. Marekani ikashinda 19 kwa 8. Kanada ikapata fedha. Wachezaji wa pande mbili za nchi walivaa jezi moja kwa sababu mchujo wa miaka mingi ulikuwa umeshawakutanisha na kuwajulisha.

Karatasi kabla ya mpira

Kahawa ilikwisha, magharibi ikakaribia. Mpwa wangu akatoa kalamu, akageuza nyuma ya risiti ya duka na kuandika mambo manne. Umri wa chipukizi ni upi, na utathibitishwa kwa cheti gani. Mechi ni ngapi. Jumla ya pointi au idadi ya ushindi. Na jumla zikilingana, dakika ngapi za nyongeza.

Nikamkumbusha la tano: timu ya wasichana wa mtaa mbona haimo kwenye orodha? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada ananiuliza hilo kila siku." Akaliandika.

Kesho yake karatasi ile ilizungushwa kwa manahodha wote watie sahihi, kabla hata mpira haujajazwa upepo. Mzee mwenye kabati ameshaambiwa alipanguse kombe vumbi.